Utani wa Upande Mmoja

Nduguti, Alhamisi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakufikia hapo Kilimatinde ukiwa na nguvu zako, na mama goti limempa nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechafuka. Ningepiga simu ningeishia kulia tu, ndiyo maana naandika.

Hapa kiwandani tunakokamua alizeti nafanya kazi kwenye mizani pamoja na dada mmoja anaitwa Ritha. Ni Mhadzabe, wa kwanza kuajiriwa hapa, na sijaona anayepima magunia kwa uaminifu kumzidi. Tangu afike wanamuuliza kama ameshajifunza kulala kitandani. Akinuna, wanasema ni utani. Mwezi uliopita ikazunguka kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya nyani mwenye uso wa Ritha. Watu walicheka mpaka machozi, na msimamizi wetu, Gerald, akaandika kwamba asiyejua utani arudi porini.

Utani gani huo, baba? Bibi alipofariki, mtani wetu mzee Alute si alijilaza njiani akazuia jeneza mpaka akapewa kuku? Alimwita marehemu mchoyo, nasi tukacheka huku tunalia. Lakini ndiye aliyeshinda akichimba kaburi, na mama alipomrudishia maneno makali zaidi aliyapokea. Baba yake Ritha alipofariki, hapa hakwenda hata mmoja. Kucheka wamo, kuzika hawamo!

Wiki iliyopita Ritha alijibu. Gerald alikosea kusoma mizani mbele ya wakulima, naye akamwambia kwamba hata nyani angeisoma vizuri. Wakulima wakaangua kicheko. Siku hiyohiyo akapewa barua ya kujieleza, eti amemdhalilisha mkubwa wake. Kumbe utani una wenyewe. Jumatatu anaitwa kwenye kikao, na wakimkuta na kosa, kazi hana. Anamlea mama yake na wadogo zake kwa kazi hiyo.

Nilimwambia Gerald kwamba huo ni uonevu. Akacheka, akaniuliza tangu lini nimekuwa mtakatifu. Ritha naye ameniomba niwe shahidi wake, kwa kuwa, anasema, mimi peke yangu sijawahi kumcheka.

Baba, picha ile niliitengeneza mimi. Nilitaka Gerald anione mchangamfu, nikamtumia yeye tu, akaisambaza. Ritha hajui. Jumatatu nitaisema mbele ya kikao, yeye akiwa amekaa pale pale. Kazi naweza kuipoteza, lakini ninachokiogopa zaidi ni macho yake.

Mniombee. Msalimie sana mama, na kaka Paschal na watoto wake, waambie nimewakumbuka. Nikirudi nyumbani sina kazi, tafadhali msiwaambie watu kwamba nimeonewa.

Ni mimi binti yako,
Scola