Swali la Kumi na Tisa

Mpendwa mshauri, naomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili nimeshindwa kumwambia mtu, na Mungu nimemwambia mara nyingi mpaka naona haya kulirudia.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na miwili, shule niliishia kidato cha pili, na huu ni mwaka wa tatu naingiza majibu ya madodoso kwenye kompyuta katika ofisi ya daktari mmoja, si wa sindano, ni msomi wa takwimu za saikolojia na elimu, mtu mpole ambaye wanafunzi wake wanamwita Bwana Wastani kwa sababu hata ukimuuliza habari za nyumbani hufikiri kwanza halafu husema, "Kwa wastani, salama." Safari hii anachunguza walimu, madodoso mia nne na kumi na mawili, kila moja maswali thelathini, na mwalimu anaweka alama ya vema kwenye Kamwe, Mara chache, Mara nyingi au Siku zote.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa mapokezi hospitalini miaka kumi na minane, na kule fomu ikiwa na nafasi tupu mgonjwa anarudishwa mwisho wa foleni, kwa hiyo nilizoea kuwajazia wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, wakanishukuru, na mkono ukazoea. Basi nilipoona madodoso yenye nafasi tupu roho iliniuma, nikajua haya yatatupwa na mtoto wa watu kajisumbua bure. La umri sikuligusa, la mshahara sikuligusa, ningejuaje. Lakini swali la kumi na tisa linasema, "Nikiwa na jambo zito, ninaye mtu wa kumweleza," na hilo wengi waliliacha wazi, na mshauri wangu, jibu la hilo nilikuwa nalijua. Nikachukua kalamu nikaweka vema kwenye Kamwe. Siku ya kwanza moja, siku ya pili manne, na kufika mwisho wa sanduku yalikuwa sitini na matatu, yote Kamwe.

Sikuona kama nasema uongo. Tangu mume wangu afariki miaka minne iliyopita, nikitoka asubuhi naacha redio ikiongea, ili nikifungua mlango jioni nikute kuna mtu anasema. Mwanangu yuko mbali na familia yake, hupiga kila Jumapili, "Mama uko poa?" "Poa tu, baba, wajukuu hawajambo?" na hapo maongezi yamekwisha. Alhamisi nina kikundi changu cha maombi, akina mama tisa, tunazunguka kila mmoja anataja haja yake, nawaombea wote mpaka nalia, na ikifika zamu yangu nasema mimi nina shukrani tu, nao wanaitikia amina. Hawana kosa, ni watu wazuri.

Jumanne iliyopita Daktari akaniita chumbani kwake, akanivutia kiti, jambo ambalo si kawaida yake, akanionyesha safu za namba.

"Mama, tazama hapa. Miaka sita nawaambia wenzangu kwamba mtu haachi nafasi tupu ovyo ovyo, huliruka swali linalomuuma. Sisi tukiijaza ile nafasi kwa wastani wa wengine, tunampoteza yule yule tuliyekuwa tunamtafuta."

"Ehe," nikasema.

"Sasa ona. Mshahara wameruka, umri wameruka. La kumi na tisa, ambalo nililiweka makusudi, hajaliruka hata mmoja." Akavua miwani. "Kwa hiyo nilikosea."

Nikamuuliza, "Si vizuri wamejibu wote?"

"Ni vizuri, mama. Basi tu, miaka sita."

Halafu akanishukuru kwa umakini wangu. Anaondoa sura mbili nzima kwenye ripoti yake, na ripoti inapelekwa mwisho wa mwezi. Nikisema nitafukuzwa, na ile ofisi ndiyo mahali pekee ninapoitwa, mama njoo, mama tazama. Nikinyamaza, kazi yake itakwenda na maji kwa ajili yangu. Makaratasi yapo kwenye sanduku chini ya meza yangu, na vema yangu naijua, ina mkia mrefu. Je, niyafute majibu hayo kimyakimya kwenye kompyuta, mengine nimwachie Mungu?

Mama wa Sanduku

JIBU

Mama wa Sanduku, pole kwa msiba, na pole kwa ile redio. Sasa keti vizuri, maana pole zimeisha.

Hospitalini mwenye fomu alikuwa mbele yako, ulimuuliza akakujibu. Hawa sitini na watatu ulimuuliza nani? Huenda mmoja aliliruka kwa sababu mumewe amesimama mlangoni anamwita chakula kinapoa. Huenda mwingine ana dada sita wa kumsikiliza na alipitiwa tu. Na aliyeumwa kweli alichagua kukaa kimya, ukamsemea. Ulikuwa na upweke wa mtu mmoja, ukawagawia watu wazima sitini na watatu bila ruhusa yao.

Kufuta kimyakimya, hapana. Hilo ni kosa la pili limevaa nguo ya toba. Namba zikibadilika usiku mmoja, yule baba ataanza kuitilia shaka akili yake, na umeshamtia shaka ya kutosha. Na usimtume Mungu kazi ambayo mdomo wako unaiweza.

Gazeti hili linatoka Jumamosi. Jumapili omba, nakujua hutaacha. Jumatatu fika mapema, toa sanduku, tafuta kila vema yenye mkia, hesabu zitimie sitini na tatu, zifunge pamoja. Akiingia, mpe hata kabla hajavua koti, useme: "Daktari, haya majibu ya kumi na tisa ni yangu. Walimu waliacha wazi." Usianze na machozi, usianze na marehemu. Akitaka kujua kwa nini, ndipo umweleze, yote, pamoja na redio. Kukufukuza anaweza, sikufichi, na akifanya hivyo atakuwa na haki. Lakini atakuwa amerudishiwa miaka yake sita, na wewe utaondoka umeinua kichwa.

Nimebakiwa na moja. Unaniandikia huna wa kumweleza, na papo hapo unaniambia akina mama tisa wanakuuliza haja yako kila wiki. Kila wiki, mama, wanakuwekea swali la kumi na tisa mezani, nawe unawaachia nafasi tupu, wao wanaitikia amina kwa sababu hawajui mchezo wako wa kalamu. Alhamisi zamu ikikufikia, usiseme shukrani tu. Nafasi hiyo ni yako. Ijaze.