Wote Wamemwota Isipokuwa Mimi

Tuwan, Kitale
3 Februari 2004

Mama mpendwa,

Pokea salamu za kijana wako mzuri kuliko wote. Najua uko na mmoja tu, lakini hata wangekuwa kumi ningewashinda. Goti lako linaendeleaje? Mimi niko sawa. Baiskeli za Tuwan zote sasa zinapitia kwa mkono wangu, mpaka Gachanja, fundi wa siku nyingi hapa, amenunua spana mpya kwa wivu.

Mama, jana Kenya imepiga Burkina Faso tatu bila huko Tunisia! Tulisikiliza kwa redio ya kinyozi. Ya tatu kuingia, nikamwomba karatasi haraka nimwandikie baba. Nimeandika "Baba, umesikia?" ndio nikakumbuka tulimzika Novemba. Karatasi ndiyo hii, nimeigeuza tu upande.

Tumbo la Mukami ni kubwa, atajifungua mwisho wa Machi. Mama yake wa Saboti anasema akiwa kijana ataitwa jina la baba yangu. Ati kwa Wakikuyu hiyo haina mjadala. Nakhungu mdogo! Si utakubali tu?

Mwanao, namba moja,
Tonny

Kabuchai, Bungoma
14 Februari 2004

Mwanangu Tonny,

Natumai barua hii imekukuta mzima pamoja na Mukami. Mimi sijambo, goti ndilo linanikumbusha mvua kabla haijafika. Nilisoma ule upande wako nikacheka. Halafu nikageuza karatasi.

Mshukuru mama yake Mukami, lakini sisi Wabukusu hatuchukui jina la marehemu kama shati kwenye kamba. Mwenyewe huja kwa ndoto akaliomba. Ukimpa mtoto kabla, atalia mpaka mchoke. Shangazi yako Nakhumicha amemwota baba yako mara mbili. Wilkista wa kwaya amemwota akiuliza matokeo ya mpira. Lakini kuhusu jina, hajasema kitu.

Mwenye mtoto ni wewe. Amekuja kwako?

Mama yako

Tuwan, Kitale
27 Februari 2004

Mama, shikilia kiti!

Habari ya goti baadaye. Baba amekuja! Alikuwa uwanjani, amevaa ile jezi ya timu yake, Ingwe, ameketi kwa kigoda. Penalti inapigwa, na yeye ametoa macho kwa mpira, hapepesi. Ikaingia. Akanigeukia, akasema, "Tonny, mpe kijana jina langu." Akaongeza kwamba Kitale nzima hakuna fundi kama mimi. Hiyo sikuiweka mimi, mama, ni yeye alisema.

Kwa hivyo mambo yameisha, sindio?

Mwanao mwenye ndoto,
Tonny

Kabuchai, Bungoma
9 Machi 2004

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tunapanda mahindi, na afya ipo. Ndoto yako nimeisoma mara tatu. Ni tamu. Lakini hukuiota.

Baba yako hakuwahi kutazama penalti maishani mwake. Kila mara aligeuka akauliza watu, "Imeingia?" Umesahau siku aliyokubeba mabegani pale Bungoma? Uwanja mzima unaangalia goli, ninyi wawili mnaangalia ukuta, na wewe unapiga makelele ugeuzwe.

Timu yake ikifungwa hakula, lakini alitupakulia sisi kwanza. Nilipougua mwaka ule, ndiye aliyefua sare zako za shule kila Jumapili, tena nje, mbele ya wanaume wenzake waliomcheka, huku akiwatangazia mechi kama mtu wa redio. Mtu kama huyo akija, atakuja vile alivyokuwa. Ngoja.

Mama yako

Tuwan, Kitale
4 Aprili 2004

Mama,

Shikamoo. Ni kijana. Alizaliwa wiki iliyopita, Mukami yuko salama. Ana masikio ya baba, pole kwake.

Ile ndoto nilitunga, umenishika. Sasa nalala mapema. Nalala hata mchana kibandani, wateja wanasema fundi amekufa. Hakuna kitu. Mukami anaota maji, mimi naota spoku za baiskeli. Na mtoto bado hana jina, nesi ameandika kwa kadi "Mtoto wa Mukami". Mama mkwe haniongeleshi tena, anadhani namkataa baba yangu mwenyewe.

Mama, niambie ukweli. Alikufa akiwa na hasira na mimi? Kwa nini aende kwa Wilkista? Wilkista bana, hata ofsaidi hajui ni nini!

Mwanao,
Tonny

Kabuchai, Bungoma
11 Aprili 2004

Mwanangu Tonny,

Hongera, na umpe Mukami pole na asante yangu. Anywe uji.

Baba yako hakuwa na hasira na wewe. Nikuambie jambo ambalo shangazi yako halijui. Kwangu pia hajakuja. Nimeishi naye miaka ishirini na saba. Tangu Novemba nalala nikijibana ukutani ili apate nafasi, na sijamwona. Asubuhi wanawake wananiambia kisimani, "Nimemwona mzee wako, alikuwa anang'aa." Nasema asante, nabeba maji yangu. Njiani najiuliza nilimkosea nini.

Sasa nimechoka kungoja, na mtoto asingoje. Kama yeye haombi, tutamwomba sisi. Mwite Nakhungu. Simama mlangoni asubuhi, useme kwa sauti. Mimi nitasema hapa kaburini. Shangazi yako akigomba, mwache agombe na mimi.

Mama yako

Tuwan, Kitale
20 Aprili 2004

Mama yangu,

Natumai goti limepoa. Tumemwita leo. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti, majirani wakachungulia wakidhani nauza samaki.

Mtoto alikuwa analia, nikadhani akisikia jina lake atanyamaza. Hakunyamaza, mama. Alilia mpaka akapewa ziwa. Lakini jina limeandikwa kwa kadi, na mama mkwe amenipikia.

Halafu Mukami akaniuliza, huyu Nakhungu alikuwa mtu wa namna gani? Unanijua mdomo wangu. Lakini nilienda nje nikajifanya natafuta pampu.

Njoo, mama. Njoo umweleze wewe. Mimi nitakaa karibu, nisikilize.

Mwanao,
Tonny