Hadassa Chini ya Shuka

Saint-Gilles, Bruxelles, 2 Novemba 2025

Bibiane, mudogo yangu,

Uko muzima? Kifua kimekuachilia? Sisi huku bazima, ni goti tu linanichokoza juu ya ngazi za hii nyumba. Mimi dada yako mukubwa ninasema, Thérèse binti yangu anaandika, kama desturi.

Bon, sikia mambo ya huku. Mangaribi ya kuamkia Watakatifu Wote, batoto banavaa kama bantu bakufa, banapiga kengele ku milango, banaomba bomboni, zile pipi za sukari. Thérèse alikuwa ku kazi, donc ni mimi nilibapeleka bajukuu. Kyungu alivaa mifupa ya karatasi. Hadassa alijifunika shuka nyeupe yenye matundu ya macho. Nilimuambia Joke, jirani yetu wa chini, Kyungu akitafsiri: kwetu mutoto hapokei chakula kwa muntu asiyemujua, ndiyo njia ya kumupa bulozi. Akacheka. "Mais maman, ni muchezo tu!" Sawa, muchezo.

Lakini mimi siendi kwa bantu mikono mitupu. Nilikaanga mikate ya mafuta, beseni nzima. Nyumba ya kwanza muzee mumoja, Papa Jef, alifungua na sahani yake ya bomboni. Nikamusalimia, nikaingia, nikakaa ku kiti. Akaniangalia. "Madame, ni ku mulango tu." Nikamujibu: "Papa, batoto banakuomba kitu na hamujaulizana hata habari? Kula kwanza." Kyungu akatafsiri, uso chini. Muzee akakula. Nyuma yetu ngazi ilijaa batoto na bazazi bao, banangoja nimalize kumuuliza habari za muke yake. Tulifanya vile kila nyumba, ndiyo maana hatukufika mbali. Kyungu alitembea mbele kama muntu asiyetujua.

Alors, kitu nilitaka kukuambia ni hiki. Hadassa unamujua: tangu aanze masomo hafungui kinywa mbele ya muntu wa inje. Chini ya ile shuka alipiga kelele kushinda bote! Alimuuliza Papa Jef jina la paka wake. Nimekutumia foto. Tukifika Likasi kwa Noeli, atakuamkia kwa sauti.

Yaya yako,
Mwamba

Likasi, 9 Novemba 2025

Yaya,

Jambo sana. Kifua kinaendelea vizuri, mvua imeanza. Goti ulisugue na mawese ya moto.

Ile foto nilionyesha bamama ba kikundi cha maombi, nikabasomea na maneno yako. Pasta wetu Crispin alishika simu muda murefu. Akauliza: mutoto asiyesema, akivaa kama maiti anasema, ni nani anasema mule ndani? Anataka tukimutoa ku uwanja wa ndege tumupeleke moja kwa moja ku chumba cha maombi, afunge bila chakula na bila maji mpaka kile kitu kitoke. Nilikubali. Thérèse, ninajua ni weye unasoma: mutoto yangu, usikasirike. Ni kwa kumusaidia.

Mudogo yako,
Bibiane

Bruxelles, 10 Novemba 2025

Bibiane,

Leo sikuulizi habari ya kifua.

Thérèse alisoma mpaka "bila maji", akaweka simu chini, akaenda kumuangalia mutoto mu kitanda. Sasa amerudi. Anaandika yote ninayosema, hata matusi.

Hakuna muntu atamufungia Hadassa mu chumba. Ni mutoto anaogopa bantu, basi. Kama pasta wako anapenda kufunga, afunge yeye, tumbo analo la kutosha.

Weye umesahau? Mama alipokufa, ulikuwa mudogo, ukanyamaza mwaka muzima. Ba tonton, bandugu ba mama, bakasema ni weye ulimukula kwa bulozi. Nani alikutoa mule nyumba? Nilikubeba ku mugongo mpaka kwa shangazi. Shule sikuiona juu yako, na sijuti. Sikukupeleka kwa muntu akunyime maji ili useme. Ulisema siku ulitaka, na tangu siku ile hujanyamaza.

Chagua. Umuambie Crispin hapana, mbele ya bale bamama bote. Kama sivyo, tunabakia huku, na mimi pamoja. Ninakupenda, ndiyo maana nina hasira.

Yaya yako

Bruxelles, 14 Desemba 2025

Mudogo yangu,

Uzima uko? Hujajibu. Ndege ni Ijumaa. Masanduku yako wazi mu korido. Thérèse anaweka nguo za Hadassa, anatoa, anaweka tena. Kyungu anauliza kama Likasi kuna baridi. Yangu nilishasema, sirudilii. Ninangoja neno moja tu.

Yaya

Likasi, 16 Desemba 2025

Yaya,

Tuko bazima. Nilikawia juu nilitaka kukujibu nikiisha kufanya, hapana kabla.

Dimanche nilisimama kanisani nikasema: huyu mutoto ni wetu, hakuna mukono utamugusa. Pasta akasema nimemufungulia shetani nyumba yangu. Bamama nilikuwa ninabapikia, leo ku soko banapita upande mwingine. Kikundi nimeacha. Ninalia kidogo, siwezi kukudanganya.

Mukuje. Sitamulazimisha Hadassa aniamkie. Akitaka kunyamaza, tutanyamaza sisi wawili. Nimetandika kitanda changu: yeye upande wa ukuta, mimi upande wa mulango.

Mudogo yako,
Bibiane