Mchanga wa Shimo la Nne

Suna, Jumapili jioni

Uwanja wa gofu wa Homa Bay ni mzuri kuliko huu wetu wa Migori. Nakiri hapa tu, kwa sababu karatasi niliyoikabidhi leo baada ya kanisa kwa kamati iliyonituma kukagua uwanja wa mashindano inasema kinyume.

Wetu ni tambarare, hata mlevi hapotezi mpira. Kule unapiga ukitelemkia ziwani, upepo unakupinga, lazima ufikiri. Jana niliufurahia mpaka shimo la nne. Badala ya nyasi, shimo limezungukwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu usipeperuke, na kila mchezaji hufagia njia ya mpira wake kwanza. Mimi sikufagia. Nilitaka kuwaonyesha wenyeji kwamba sihitaji. Mpira ukaingia kwenye nyayo zangu mwenyewe, ukapinda, wakacheka.

Nikaandika: "Mchanga mbovu. Mashindano yafanyike Migori."

Mzee Owuor, anayeutunza uwanja, alinifuata hadi kwenye gari.

"Mwalimu, umeuonaje mchanga wangu? Nimeuchekecha tangu alfajiri kwa ajili yenu."

"Mzuri sana, mzee."

"Erokamano," akashukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, yote inanuka oili.

Karatasi ilikuwa bado mfukoni mwangu. Kalamu pia.