Uliyekuwa Naye Mbale

Mama Rania,

Maharage yako motoni, ongeza maji. Kuku nimewafungulia. Dawa ya presha unywe baada ya kula, si kabla. Naondoka ukiwa bado unaoga, maana ungenicheka.

Nakwenda Mbale. Peke yangu, kama wewe wiki iliyopita ulipokwenda kupumzika.

Asubuhi nilikusikia ukicheka barazani na chai yako. Nikatoka nimsalimie mgeni, kumbe hapana mtu. Nikakuuliza tena kule Mbale ulikuwa na nani. Ukasema, "Mzee, nilikuwa na mimi." Kisha ukageukia upande wa mlima wa kule Mbale, ambao hauonekani kabisa kutoka hapa Mafubira. Miaka yote ya ndoa sijawahi kukuchekesha mapema hivyo. Huyo "mimi" wako ananiudhi kuliko mwanamume yeyote, kwa sababu siwezi hata kumfukuza.

Basi nami nakwenda kuona ulichokiona. Kusoma nilijifunza shule ya usiku, nikitoka zamu ya kiwandani. Kupumzika hakutanishinda. Nimechukua shali yako, kule kuna baridi.

~~Usinifuate.~~

Basi linaondoka saa nne. Ukija, zima moto wa maharage kwanza. Keti viti vya nyuma, mimi nitakuwa mbele, na tusisemeshane mpaka tufike. Hapo kila mmoja atakuwa amesafiri peke yake.

Chai ilete kwenye chupa. Vikombe viwili, si vitatu. Huyo mwenzako abaki na kuku.

Mumeo,
Baba Rania