Maji ya Korongoni

Jumanne. Mwaka wa arobaini na moja tangu nihame Rufiji, na siku ya tatu tukitembea na mabegi mgongoni kwenye makorongo makavu ya huko huko, kutoka Nyamwage kwenda Utete.

Maji yalituishia asubuhi. Mtani wangu Shamte akaketi mchangani. "Ukifa hapa nakuzika mimi, mzee. Ada yangu hilo begi."

Niliogopa kweli. Si kiu tu. Niliogopa kwamba nimeshakuwa mgeni. Nikachimba kwenye kona ya korongo, chini ya ukingo, kama alivyokuwa akichimba baba kila kiangazi. Mkono ulipozama hadi kwapani, vidole vikalowa.

Shamte alikunywa kwanza. "Basi begi nimelikosa!"

Nilitaka kujua kama mikono yangu bado ni ya hapa. Nimejua. Kesho tukifika Utete nitapanda basi. Sitarudi tena; nilichokuja kuuliza nimejibiwa.