Urojo kwa Nyungunyungu

Jumatano, Makunduchi

Nyungunyungu wa Mize wamekufa wote, na aliyewaua ni mimi. Nilikuwa nnamcheka mke wangu kwa kufuga wadudu wa mbolea kwenye beseni. Jana nikataka kumridhisha, nikawamwagia mabaki ya urojo. Ndimu, chumvi na pilipili! Sijui nilidhani nini.

Leo Mize kamvaa jirani yetu Bi Kazija: "Uliwasifu bila ya kusema mashaallah. Jicho lako hilo!"

Bi Kazija kalia. Mimi nnasikia yote.

Jioni Bi Kazija kaleta sahani ya mkate wa kumimina. Mize kairudisha vilevile, haijaguswa. Hawajapata kufanyiana hivi.

Nilimwita Mize nimwambie ukweli. Kaitika, "Naam?"

Nikaomba chai.